Ndugu wa Upande wa Pili

Ndugu wasomaji, Noeli inapokaribia kila parokia ina desturi zake. Hapa Sakania, mahali ambapo reli na malori yanaingia kutoka Zambia, desturi mojawapo ni kutafuta nyimbo. Wanakwaya wanakutana jioni, mwalimu wa nyimbo analeta madaftari yake, na wazee wanakumbuka sahani za santuri, zile ambazo wenzetu wa Lubumbashi wanaziita diski. Siku hizi santuri ni chache, na nyimbo zile zile zinatoka katika simu. Lakini jambo moja halikubadilika: mtu akipiga sahani ya kale, atapiga upande ule unaojulikana na watu wote, na upande wa pili hataugusa.

Juu ya upande huo wa pili ndiyo twataka kusema leo.

Sote twajua jamaa zenye mtoto mmoja mwenye sifa kubwa. Huyu ni mwimbaji, jina lake lavuma mpaka ng'ambo. Wageni wakifika nyumbani humwulizia yeye tu. Ndugu yake ameketi kando, naye pia ana sauti nzuri, tena pengine ndiye aliyemfundisha yule kuimba. Hakuna amwulizaye. Ndivyo ilivyo kwa sahani mbili tutakazozipima hapa. Kila moja ina Misa yenye sifa duniani kote, na mgongoni mwake ina ndugu aliyesahauliwa. Ya kwanza ilitoka Kamina, katika Katanga yetu. Ya pili ilitoka mbali, Ajentina, na ndugu yake aliyesahauliwa ni masimulizi ya Noeli, tangu Malaika alipomjia Maria hata Familia Takatifu ilipokimbilia Misri.

Misa ya Kamina

Misa Luba yajulikana na wengi, walau kwa jina. Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1953. Pale Kamina alikusanya watoto wa shule na walimu wao, akaunda kwaya, nayo ikapewa jina la Mfalme Baudouin. Walikuwa watoto wapata 45 wa miaka 9 hata 14, pamoja na walimu 15 hivi. Tarehe 23 Machi 1958, Dominika ya Mateso, Misa hiyo iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Kamina. Mwaka ule ule waimbaji walisafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji wakati wa Maonyesho Makuu ya Brussels, na pia Uholanzi na Ujerumani. Kampuni ya Philips ikatoa sahani yao. Mwaka 1968 sinema ya Kiingereza iitwayo If.... ikatumia Sanktus ya Misa hiyo, na watu wengi wasioingia kanisani wakaanza kuitafuta madukani.

Maneno ya Misa hiyo ni ya Kilatini kitupu. Tukumbuke kwamba Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulikuwa haujaanza bado. Lakini namna ya kuimba ni ya nyumbani. Katika Kirie twasikia namna ya kasala, wimbo wa matanga wa Waluba: mmoja anaanza, wengine wanapokea, sauti inashuka polepole kama mtu anayekaa chini kwa huzuni. Sanktus inafuata namna ya wimbo wa kuagana. Hosana yake imevikwa mwendo wa ngoma ya Kasai, na Anyus Dei imechukuliwa katika wimbo wa Bena Lulua. Waimbaji hawakusoma nota. Walikubaliana juu ya njia, kisha wakaimba wakitunga papo hapo, kama wafanyavyo wazee wetu wakati wa matanga na wakati wa arusi.

Tuseme wazi uzuri wa kazi hiyo. Sanktus ni jambo la kustaajabisha. Watu wengi wakitaka kuimba utukufu wa Mungu hupiga makelele. Hawa wa Kamina walianza kwa upole, kama wanaomsindikiza mpendwa njiani, na ngoma ikawangoja mpaka wafike katika Hosana. Twaona hapo akili ya kweli ya dini: mtu anayesema “Mtakatifu” anajua yeye mwenyewe ni mdogo.

Tuseme pia lile lisilotupendeza, nalo si kosa la waimbaji. Kila mtu akiitaja Misa Luba humtaja Padre Haazen, na ni haki yake, maana bila yeye watoto wale wasingekusanyika. Lakini ni wangapi wanaomtaja Joachim Ngoi, mwalimu wa shule pale Kamina, ambaye ndiye mwenye sauti ya kuongoza? Sikieni tena sahani hiyo. Kila mara kwaya inapopanda, kuna sauti moja ya mtu mzima iliyoitangulia na kuifungulia mlango. Bila mlango huo kwaya ingebaki nje.

Wale wasioulizwa habari

Sasa tuigeuze sahani. Hatusemi hesabu iliyoandikwa katikati yake. Twasema ule upande ambao watu wameupa nafasi ya pili. Katika sahani kubwa iliyozunguka dunia miaka ya 1960, Misa haikuwa peke yake. Iliandamana na nyimbo za watu wa Kongo, zilizoimbwa na kwaya ile ile. Kuna Dibwe Diambula Kabanda, wimbo wa arusi. Kuna Lutuku y a Bene Kanyoka, wimbo wa Wakanyoka wa kutoka katika matanga. Kuna Ebu Bwale Kemai, ambao ni wa arusi tena, na Katumbo, wimbo wa kucheza. Kuna Seya wa Mama Ndalamba wa furaha ya ndoa, kuna Banaha, wimbo wa askari, na Twai Tshinaminai, wimbo wa kazi.

Mtu akizisikiliza nyimbo hizi baada ya Misa, anaweza kusema, “Hizi ni za kujaza nafasi tu.” Sisi pia tulidhani hivyo. Ikatulazimu tuzisikilize kwanza, kisha Misa baadaye, ndipo tukaelewa. Kuitikiana kwa mmoja na wengi, kushuka kwa sauti mwisho wa neno, ngoma inayonyamaza ili mtu asikike, yote tuliyoyasifu katika Misa yapo hapa kabla ya kuvikwa Kilatini. Misa imekopa kwa nyimbo hizi, wala nyimbo hizi hazikukopa kwa Misa. Mwenye deni ndiye aliyepata sifa, na mwenye mali ameketi kando.

Twakubali kwamba upande huu una upungufu. Wimbo wa kutoka katika matanga ni neno zito. Watu waliokaa chini siku nyingi, wasioosha nywele, wasiocheka, sasa wanainuka ili kurudi katika maisha. Watoto wa miaka 10 wanauimba kwa sauti safi mno, mbele ya chombo cha kunasa sauti, na uzito fulani umepotea. Vivyo hivyo nyimbo za arusi: zinaimbwa vizuri, lakini bibi arusi hayupo, wala mama mkwe wa kutaniwa hayupo. Wimbo wa watu ukitolewa mahali pake ni kama samaki aliyetolewa Luapula: bado ni samaki, lakini haogelei. Aidha msikilizaji wa ng'ambo alipewa jina la wimbo na maelezo mafupi tu. Maneno yenyewe hakuyajua, basi akabaki na sauti nzuri bila habari.

Matokeo yake twayaona katika Banaha. Wimbo huo umetoka peke yake duniani. Kwaya za watoto za Ulaya na Marekani zinauimba mpaka leo, na unapigiwa makofi. Lakini mtoto anayeuimba huko hajui Kamina ni wapi. Mtu anaweza kuwa maarufu na bado akawa amesahauliwa.

Jambo hili linatuhusu kuliko watu wa ng'ambo. Tazameni tena nyimbo zilizotoa Misa ile. Kasala ni ya Waluba. Ngoma ya Hosana ni ya Kasai. Anyus Dei ni ya Bena Lulua, nao ni watu wa Kasai. Wakanyoka nao nyumbani kwao ni Kasai. Yaani Misa iliyozaliwa Katanga, na ambayo Katanga yajivunia, ilinyonya maziwa ya Kasai na ya Katanga pamoja. Watoto wa Kamina waliimba nyimbo za ndugu zao bila kuuliza mpaka wa jimbo uko wapi.

Ilikuwa 1958. Mwaka 1961, baada ya miaka mitatu tu, Waluba kwa maelfu walikuwa wamekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pale Elisabethville, wakiogopa kuuawa. Na miaka ya 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa katika Katanga, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa. Walilala vituoni Likasi na Kolwezi wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa, hasa watoto na wazee. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale. Tena hakuna shaka kwamba katika nyumba fulani, miongoni mwa waliofukuza, Misa Luba ilikuwa imehifadhiwa kabatini.

Hatusemi haya ili kufungua kidonda. Twasema kwa sababu mtu anayepima wimbo hana budi kuuliza: wimbo huu umetufanya nini? Ikiwa twaweza kuimba kwa sauti ya ndugu yetu ndani ya kanisa, kisha tukamfunga mlango nje ya kanisa, basi tumesikiliza upande mmoja tu.

Noeli ya watu wa mpakani

Sasa tuvuke bahari, tufuate kampuni ile ile ya Philips. Miaka michache baada ya Kamina, ilitoa sahani nyingine yenye sura hiyo hiyo: Misa upande mmoja, ndugu yake upande wa pili. Mtunzi ni Ariel Ramírez, mpiga kinanda wa Ajentina, aliyezaliwa 1921 na kufa 2010. Misa yake, Misa Criolla, aliitunga mwaka 1964, mara baada ya Mtaguso kutoa ruhusa ya kutumia lugha za watu. Maneno yake ni ya Kihispania, na rafiki yake wa utotoni, Padre Antonio Osvaldo Catena, alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuyatengeneza.

Ramírez mwenyewe alieleza jinsi wazo la Misa hiyo lilivyomjia. Alipokuwa kijana huko Ujerumani baada ya vita, alikaa katika nyumba ya watawa pamoja na masista wawili, Elisabeth na Regina Brückner, ambao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Wakamsimulia kwamba wakati wa vita palikuwa na kambi ya wafungwa karibu na pale, nao kila usiku walikuwa wakipeleka chakula kwa siri, ingawa adhabu yake ilikuwa kifo. Akaona kwamba hana budi kutunga kitu cha dini kwa ajili yao. Basi sifa yote ya Misa ile, mpaka siku ilipoimbwa katika Basilika ya Mtakatifu Petro mbele ya Papa Fransisko, tarehe 12 Desemba 2014, ilianza kwa ndugu wawili ambao majina yao hayakujulikana na mtu.

Upande wa pili wa sahani hiyo unaitwa Navidad Nuestra, yaani Noeli Yetu. Maneno aliyatunga Félix Luna, mwanahistoria. Waimbaji ni wale wale wa Misa: watu wanne waitwao Los Fronterizos, pamoja na kwaya ya Basilika ya Socorro ya Buenos Aires, iliyoongozwa na Padre Jesús Gabriel Segade. Jina Los Fronterizos maana yake ni watu wa mpakani. Sisi wa Sakania, tunaoishi mguu mmoja Kongo na mwingine karibu na Zambia, twaweza kuwasikiliza kama jirani.

Ni nyimbo sita, na kila wimbo una mwendo wa ngoma ya sehemu moja ya nchi yao. Malaika anamjia Maria kwa mwendo wa watu wa kaskazini mashariki, na maneno ya Kiguarani, lugha ya wenyeji, yamechanganywa na Kihispania. Kisha Maria na Yosefu wanasafiri. Wanapita katika nyika za Ajentina, katika baridi kali, kati ya miiba na upupu, na hakuna awapaye mahali. Kisha Mtoto anazaliwa kwa wimbo wa taratibu, kama mama anayebembeleza. Wachungaji wanaitwa kutoka vijiji vya La Rioja, nao wanaleta majani yanukiayo ya shamba. Wafalme wanafika na zawadi za nchi: asali, sharubati nzito ya matunda, na vazi jeupe la sufu ya alpaka. Mwisho ni kukimbia. Yosefu anambembeleza punda aharakishe, njia ni ndefu, nchi ni ya chumvi, na kisu cha Herode kimekwisha kuloa damu.

Tupime kazi hii kwa haki. Nyimbo za Wachungaji na za Wafalme ni za furaha, na wengi watazipenda kwanza. Kwetu sisi ndizo nyepesi zaidi. Furaha yake ni ya kweli, lakini ni furaha ya sikukuu tunayoijua tayari. Wimbo wa kuzaliwa ni mzuri, ila ni mfupi kidogo kwa jambo kubwa namna hiyo. Twafika kitandani kwa Mtoto, na kabla hatujapiga magoti wachungaji wamekwisha kuingia.

Nyimbo mbili zinapita zote: ule wa safari na ule wa kukimbia. Wimbo wa safari una hatua za watu wachovu, wala hazichoki kusikilizwa. Hakuna kinanda kikubwa kinachotuambia tulie. Watu wawili wanatembea tu, na sisi tunatembea nao. Wimbo wa kukimbia ndio unaotofautisha Noeli hii na Noeli nyingi za sahani. Nyingi zinaishia penye taa na kengele. Luna na Ramírez walifuata Injili ya Mathayo hadi mwisho wa habari, mahali Mtoto wa Noeli anapogeuka kuwa mkimbizi. Wimbo hauna faraja mwishoni. Punda anaenda, usiku unaisha, nasi hatuambiwi kama wamefika.

Wimbo huo wa safari ulipatwa na mkasa kama Banaha. Mwaka 1968 mwimbaji wa Ufaransa, Gilles Dreu, aliuimba kwa maneno mengine, ukaitwa Alouette, yaani jina la ndege mmoja mdogo. Ukapendwa sana katika redio za Kifaransa. Miongoni mwa wazee wetu waliosikiliza redio hizo, wapo watakaoitambua sauti hiyo mara moja. Lakini Maria na Yosefu walikuwa wameondolewa ndani yake. Walikosa nafasi nyumbani mwa watu Betlehemu, wakakosa nafasi hata katika wimbo wao wenyewe.

Undugu ni kufaana

Labda mtu atauliza: “Mambo ya Ajentina yatufaa nini sisi? Tuna nyimbo za Noeli tulizoachiwa na wamisionari, tumezizoea, nazo ni nzuri.” Twakubali kwamba ni nzuri, na hatutaki hata moja itupwe. Mtu hatupi kiti cha babu yake kwa sababu amejifunza useremala. Tena si kila wimbo wa ngoma wafaa ndani ya Misa. Noeli Yetu haikutungwa kwa ajili ya altare. Ni masimulizi ya kuimbwa pembeni ya Pango, watu wakingoja Misa ya usiku. Mahali hapo pana nafasi kubwa, na mara nyingi tunapajaza kwa kipaza sauti na kelele.

Kanisa lenyewe limesema. Katika hati yake juu ya Liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso uliagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni uheshimiwe na kupewa nafasi yake. Na mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ambamo watu wanacheza mbele ya Mungu na wahenga wanatajwa. Kwa hiyo ruhusa tunayo. Kilichopungua ni bidii. Mtakatifu Yohane Bosko, ambaye watoto wake ndio waliopanda imani katika Sakania hii, alikuwa akifundisha kwamba nyumba ya vijana isiyo na muziki ni kama mwili usio na roho. Nasi twaongeza: muziki usiomjua ndugu yake ni kama roho isiyo na mwili. Unaelea tu.

Wahenga walisema, “Undugu ni kufaana, si kufanana.” Nyimbo za upande wa pili hazifanani na Misa. Hazina Kilatini, hazina sifa ya sinema, hazikuimbwa mbele ya wakuu. Lakini zilifaa. Ndizo zilizoilisha. Watu wa Kasai hawafanani na watu wa Katanga kwa kila jambo, wala Walala na Walamba hawafanani na Waluba. Lakini pasipo kufaana, Misa ile isingezaliwa, na Kongo isingekuwa na wimbo unaojulikana duniani kama huo.

Kwa hiyo tuna ombi kwa walimu wa nyimbo wa parokia zetu, hapa Sakania na kwingineko katika jimbo. Noeli hii, mkipiga Misa Luba, msiondoe sahani. Igeuzeni, au kwa wenye simu, tafuteni nyimbo zinazoandamana nayo. Waiteni wazee wa Kasai waliobaki kwetu au waliorudi, muwaombe waeleze maneno yake. Huenda mtu aliyelala kituoni Likasi na watoto wake yupo katika benchi la nyuma kila Dominika, na hajaulizwa neno lolote tangu siku ile. Wimbo wa kutoka katika matanga anaujua kuliko kwaya yoyote.

Kisha fanyeni kama walivyofanya wale watu wa mpakani. Chukueni habari ya Noeli, igaweni sehemu sita au nne, na kila sehemu itafutieni mwendo wa kwetu: mmoja wa Kibemba, mmoja wa Kilala, mmoja wa Kiluba, mmoja wa Kiswahili cha mjini. Maria na Yosefu na wapite katika mvua ya Desemba, katika tope jekundu, kati ya malori yaliyopanga foleni mpakani. Wachungaji na waitwe kwa majina ya vijiji vyetu. Wafalme na walete unga wa mahindi, asali ya msituni na kitenge kipya cha kumfunika Mtoto. Na mwishoni msisahau kukimbia. Mtoto Yesu alivuka mpaka usiku, mikononi mwa watu walioogopa, na nchi ngeni ikampokea. Sisi tunaoishi penye mpaka twajua jinsi mtu anavyogonga mlango saa hizo.

Ndugu wasomaji, siku ya Noeli watu watakuja kwenu na kumwulizia yule mwimbaji wa jamaa. Mwiteni aimbe. Lakini kabla hajamaliza, mgeukieni yule aliyeketi kando, mmwambie: “Na wewe, ndugu yetu, leta wako.”

Noeli njema kwenu nyote.